Mazoezi ya Kwenda Wapi?

 Wasikilizaji wangu, natumaini moto umeshakolea jikoni, na yule anayekwenda shule ameshapata soksi zake zote mbili.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa nakimbia kwenye barabara ya vumbi inayopanda kuelekea milima ya Mbizi. Giza lilikuwa halijatoka vizuri. Nimevaa raba, suruali ya mazoezi, sweta, na juu ya vyote hivyo kitenge nimekifunga kiunoni, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba wenyewe mnaijua. Mbele yangu akatokea mzee mmoja na baiskeli, amefunga madumu mawili ya maziwa nyuma, anashuka mjini. Aliponiona akakamata breki, akashuka, akavua kofia.

"Mwanangu, kuna msiba?"

Nikasimama. "Shikamoo baba. Hapana, hakuna msiba."

"Marahaba. Mtoto anaumwa?"

"Watoto wazima, baba. Nafanya mazoezi tu."

Akaniangalia kuanzia raba mpaka kilemba. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama baba anayemuuliza binti yake: "Mazoezi ya kwenda wapi?"

Nikamwambia naishia pale juu kwenye mikaratusi, halafu nageuza narudi nyumbani. Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na dharau hata chembe. Alikuwa na huruma, kama mtu anayemwona mwenzake ameelemewa na jambo asilotaka kulitaja. "Haya mwanangu, Mungu akutangulie." Akapanda baiskeli yake, madumu yakagongana, akaenda zake.

Swali lile nimelala nalo na kuamka nalo. Leo nimekuja nalo studio.

Mzee hakukosea, jamani. Kwetu huku Ufipa mwanamke mtu mzima akionekana anakimbia, kuna jambo. Anakimbilia zahanati. Anamkimbiza mtoto aliyesahau ada ya mtihani. Anakimbia mvua kwa sababu ulezi uko juani kwenye turubai. Akisafiri, anakwenda kwa mtu: kumuuguza, kumzika, kumcheza, kumdai. Akishika kalamu, anaandika hesabu ya kikoba au ruhusa ya mtoto shuleni. Akipika, anawapikia watu. Kila mwendo wake lazima kuwe na mtu upande wa pili anayesubiri. Sasa ukimwona anakimbia kwenda kwenye mti na kurudi, utafikirije? Utauliza msiba uko wapi.

Niwaambie siku yangu ilivyo, maana najua haina tofauti kubwa na yako. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nanunua maharage vijijini nauza mjini. Wenye maduka ya nafaka wananijua. Jumatatu nitakuwa Laela, Jumatano Mpui, wiki ijayo Matai au Namanyere, nakaa juu ya magunia naangalia mizani, nabishana na anayetaka kunijazia lumbesa. Ninaporudi nyumbani nakuta kazi zilizonisubiri zimezaa nyingine. Na mara moja kwa wiki naandika mazungumzo haya ninayowasomea. Mwanamke mwenzangu aliniuliza siku moja, muda wa kukimbia unautoa wapi? Nikamjibu: siutoi popote, nauwahi kabla hawajaufikia wengine.

Na kuuwahi huku kwetu ni kazi, kwa sababu jua linatuchelewesha. Nchi nzima inakwenda kwa saa moja, ya Dar es Salaam ndiyo ya Kasanga, lakini jua lenyewe halijui saa ya serikali. Likishawatokea watu wa pwani linakaa karibu nusu saa nyingine ndipo lifike Sumbawanga. Mwezi wa sita na wa saba redio inatangaza saa moja kamili asubuhi na huku kwetu mwanga ndiyo kwanza unapasuka nyuma ya Mbizi. Watoto wetu wanakwenda shule gizani, wameshikana mikono, wadogo wanaburuzwa na wakubwa. Hilo nimelisema humu mara nyingi na nitaendelea kulisema: ratiba ya kengele iliyopangwa kwa jua la Dar es Salaam haimfai mtoto wa darasa la kwanza wa Ufipa.

Basi mimi saa kumi na moja nimeamka. Nawasha jiko la mkaa nje, nainjika maharage niliyoyaloweka usiku, nafunika, natoka. Nikirudi yameshaanza kulainika. Moto wa mkaa una uvumilivu, unaweza kuuacha peke yake dakika arobaini. Gesi siwezi kuiacha hivyo.

Mnakumbuka mchakamchaka? Hakuna aliyesoma shule ya msingi nchi hii ambaye hakukimbia mchakamchaka. Asubuhi na baridi yake, mistari miwili, kiongozi anaimba na sisi tunaitikia, vumbi linapanda mpaka kwenye kope. Wasichana na wavulana pamoja. Nilikuwa nakaa mbele kwa sababu nilipenda kuona barabara ikiwa tupu. Halafu mwili ukaanza kubadilika, na hapo hapo mbio zikaisha. Hakuna aliyenikataza. Hakuna tangazo lililotolewa. Ilifika tu siku ambayo msichana anajua kwamba sasa anatakiwa atembee. Wavulana walihamia kwenye mpira na sisi tukahamia kwenye ndoo. Ilipita zaidi ya miaka 20 ndipo nikarudi barabarani, na siku ya kwanza nilikimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine nikashika magoti.

Na hapa tulipo, ndugu zangu, ni mahali pa kukimbilia! Mji wetu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, upande wa machweo, liko kwenye mita 770 na kidogo. Ziwa Rukwa, upande wa mawio, liko kama 800. Sisi tuko juu katikati, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda kati ya mabeseni mawili. Hewa ya huku ni nyepesi, mapafu yanalazimika kufanya kazi ya ziada, na ukishazoea unaposhuka kwenye hewa nzito miguu inakuwa myepesi. Hiyo ndiyo siri ya Iten kule Kenya, ambako wakimbiaji wa dunia nzima wanakwenda kupiga kambi kwenye mita 2,400. Mbulu na Singida wametoa wakimbiaji. Mwezi wa tisa mwaka 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alimpita Mjerumani kwa kifua tu pale Tokyo, akaleta dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Mtaani kwetu siku ile watoto walishindana mpaka magharibi. Niliwaangalia. Aliyekuwa anashinda mara nyingi ni msichana wa jirani, ana miaka 12, hana viatu. Nikawaza, huyu ana mwaka mmoja, labda miwili, kabla hajaanza kutembea.

Magdalena Shauri wetu alimaliza wa tatu Berlin Septemba 2023, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Habari hiyo niliisikia kwenye redio ndogo nikiwa juu ya magunia Laela, na nikawatangazia wanawake wote waliokuwa pale wanapeta. Mmoja akauliza, ana watoto? Ndilo swali letu la kwanza. Nikamsimulia habari za Faith Kipyegon wa Kenya, aliyejifungua binti mwaka 2018, kisha akarudi akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Tokyo (na baada ya siku ile aliichukua tena Paris, mwaka 2024). Yule mama akaacha ungo wake. "Sasa mtoto alikuwa anaachwa na nani?" Swali zuri, na lina jibu kwa kila familia. Ila kwa mwanaume sijawahi kulisikia likiulizwa, na nasikiliza sana.

Lakini mimi sikimbii ili nifike Berlin. Nakimbia kwa sababu ya kinachotokea kichwani nikishapita nyumba za mwisho. Mwanzoni kichwa kimejaa magunia, deni la fulani, kikohozi cha mtoto wa mwisho. Nikianza kupanda, pumzi inakuwa fupi, na pumzi ikiwa fupi kichwa hakiwezi kubeba vyote. Vinaanza kudondoka kimoja kimoja. Nikifika kwenye mikaratusi kimebaki kitu kimoja tu, na mara nyingi ni sentensi. Sentensi nzima, imekaa sawa, kama yai kwenye kiota. Narudi nayo mbio nikiisema kwa sauti isije ikanivunjikia njiani. Nikifika jikoni, kabla sijafungua sufuria, nafungua daftari.

Nina daftari la mistari la kurasa 96, la shule, la kawaida kabisa. Nyuma lina jedwali la kuzidisha. Naandika nilichoona, tulichokula, nilikokwenda, nani alisema nini. Mume wangu aliniuliza, "Unamwandikia nani?" Hakuuliza kwa ubaya, alidhani ni barua. Mnaona? Ni ndugu wa swali la mzee wa maziwa. Mazoezi ya kwenda wapi, maandishi ya kwenda kwa nani.

Mwanamke wa kwanza ninayemjua kwa lugha yetu aliyeandika kama mama alikuwa na jibu la swali hilo. Mwana Kupona binti Msham, kule Pate, mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima. Miaka kama miwili baadaye alifariki. Alijua anamwandikia nani, na binti alijua ameandikiwa na nani, ndiyo maana utenzi ule upo mpaka leo. Yeye alimwachia binti mafunzo ya namna ya kuishi na mume. Mimi ningependa kumwachia wangu habari: mama yako aliamka hivi, alipita huku, alikula kile.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema hewani. Daftari hili ni la pili. La kwanza lilipotea. Nililisahau kwenye basi, nikitoka Tunduma, limefungwa ndani ya mfuko wa rambo pamoja na mkate. Nilirudi stendi siku ile ile, nikarudi kesho yake, nikarudi na keshokutwa. Mkate sikuuulizia. Lilikuwa na miaka miwili ya maisha yangu, lakini si hiyo iliyoniliza. Lilikuwa na mazungumzo niliyoandika nimekaa kitandani kwa mama yangu miezi yake ya mwisho, akinisimulia safari zake. Mama hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Aliyaweka kwangu, na mimi nikayaweka kwenye mfuko wa rambo. Kwa hiyo leo naomba niseme hewani kile ninachokumbuka, kisikae tena mahali pamoja.

Mama yangu alikuwa anapeleka maharage Kigoma. Miaka ya mwanzo ya themanini hiyo, sabuni dukani ilikuwa ya kusikia, na mtu wa Kigoma alikuwa na mawese na sabuni ya mawese, na chumvi ya Uvinza. Wa kwetu tulikuwa na maharage. Alipanda lori hapa Sumbawanga, juu ya mzigo, mpaka Namanyere, na kutoka hapo akatafuta lori jingine la kushuka ziwani Kipili. Mimi nilikuwa mgongoni, sijatimiza mwaka. Kipili wakati ule meli haikufunga gati. Liemba inasimama mbali, kwenye maji marefu, na watu wanaifuata kwa mitumbwi.

Liemba mnaijua. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande wakaileta Kigoma wakaiunga. Mwaka 1916, walipoona vita vimewaelemea, waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina hilo. Vitabuni imeandikwa sana, meli ya vita, meli ya maajabu. Mama yangu alinieleza mlango wake wa ubavuni.

Hujui itafika saa ngapi, alisema. Mnalala mchangani mnangoja. Mara usiku wa manane mtu anapiga kelele kwamba taa imeonekana, na ufuko mzima unasimama. Kila mtu anagombea mtumbwi. Mizigo kwanza, halafu mama na mtoto juu ya mizigo. Mkifika karibu, meli ni ukuta mweusi, na kwenye ukuta kuna mlango mmoja ulio wazi unaotoa mwanga, na mtumbwi unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mtumbwi ukipanda, mlango uko usawa wa kifua chako. Ukishuka, uko juu ya kichwa. Inabidi uhesabu. Ndani ya mlango kuna mikono, huoni nyuso, mikono tu imenyooshwa. Mama alinifungua mgongoni, akanishika kwa mikono yote miwili, akahesabu, na mtumbwi ulipopanda akanikabidhi kwenye mikono ile. Nikaingia mlangoni. Halafu mtumbwi ukashuka.

"Nilikuwa chini kwenye giza," aliniambia, "na wewe uko juu kwenye taa, na sijui nani amekushika. Mtumbwi ulichelewa kupanda tena. Nikasema, kama meli hii inaondoka sasa hivi, mwanangu amesafiri peke yake."

Ukapanda. Wakamvuta. Aliyekuwa amenishika alikuwa mama mmoja wa Karema, ameshanifunga mgongoni kwake tayari, ananibembeleza.

Kwa miaka yote aliyokwenda Kigoma, mama aliulizwa na watu waliomwona njiani: unakwenda kwa nani? Na alikuwa na jibu, kwenye biashara, maharage haya hapa. Ila pale kitandani aliniambia jambo jingine, akishusha sauti kana kwamba kuna mtu dirishani. Alisema maharage angeweza kuyauza hapa hapa. Alipenda kuamka asubuhi mahali ambapo mlima uko upande mwingine. Maharage yalikuwa ruhusa yake.

Hilo nalikumbuka neno kwa neno. Mengine yako kwenye basi.

Wazee wa Ufipa wanayo simulizi ya wanawake wasafiri, na nadhani watoto wetu wengi hawaijui. Milansi ndiko ulikokuwa ufalme wa kale kabisa wa Ufipa. Mfalme wake Ntatakwa alikwenda kuwinda, akaacha kigoda chake nyumbani. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, wageni, wamechoka na safari. Mwanamke wa nyumba ile akawapokea, na walipokaa, mmoja wao alikaa kwenye kigoda cha mfalme. Ntatakwa aliporudi akakuta nchi imeshabadilika. Milansi ikabaki na heshima yake ya zamani, lakini utawala ukahamia kwa uzao wa wale wasafiri, ukoo ambao baadaye uligawanyika ukawa Nkansi na Lyangalile. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyekaa huku miaka ya 1960, ameiandika na kuichambua katika kitabu chake cha historia ya Ufipa cha mwaka 1981.

Wanaume wanaposimulia, husimulia juu ya mfalme aliyepoteza kigoda. Mimi namfikiria yule mwenyeji. Wageni watatu wako mlangoni, miguu imejaa vumbi, na wewe umelelewa kwamba mgeni anakaribishwa akae. Alifanya kile ambacho mama yeyote wa Ufipa angefanya asubuhi ya leo. Aliwaza nini? Alikuwa amechoka kukilinda kiti asichoruhusiwa kukikalia? Na wale watatu, walikuwa wanakwenda kwa nani? Simulizi haituambii, na mimi nasema ni kwa sababu hakuna aliyewauliza wao.

Mwaka juzi niliamua kusafiri bila maharage. Nilichukua wanangu watatu tukaenda Kalambo. Kutoka hapa hadi Matai ni karibu siku hizi, lami imetusaidia, lakini kila tuliposhuka kununua mahindi ya kuchoma tuliulizwa, "Mnakwenda kwa nani?" Nikajibu, "Tunakwenda kuona maji." Mama mmoja muuza ndizi aliniuliza mara mbili, kisha akaniongezea ndizi tatu, nadhani alituona tuna shida.

Maporomoko ya Kalambo yanashuka zaidi ya mita 200 kwa pigo moja, mpakani kabisa na Zambia. Ukisimama juu husikii kishindo chini mara moja. Unaona maji yanageuka kuwa unga kabla hayajafika. Nikawaambia watoto kwamba hapo karibu, juu ya mto, upande wa Zambia, watafiti walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Walipoyapima wakaona umri wake unafika angalau miaka 476,000. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2023. Ni ujenzi wa mti wa zamani kuliko wote unaojulikana duniani, umebaki kwa sababu udongo wa mto ulikuwa na maji muda wote, mti haukupata hewa ya kuoza. Binti yangu akasema, "Kwa hiyo mto ndio daftari lao." Ana miaka 11. Nikageuka pembeni kidogo, nikafunga kamba ya raba iliyokuwa imefungwa tayari.

Niseme na juu ya chakula, maana saa inanikimbiza na fundi mitambo ananionyesha vidole.

Ulezi una mchanga. Mwenye ulezi asiye na mchanga aniambie anaununua wapi. Unaupeta kwenye ungo, unaurusha, makapi yanakwenda na upepo, mchanga unabaki umejificha kwa sababu punje zenyewe ni ndogo kama mchanga. Mama aliuosha kwenye beseni kwa maji mengi, akauzungusha kwa kiganja mpaka ulezi ukaelea juu, akaumimina polepole kwenye chombo kingine, mchanga ukabaki chini. Anarudia mara tatu. Mara ya nne alikuwa anachota punje chache anazitafuna, amefumba macho, anasikiliza. Ikilia, anarudia. Ndiyo ugali wetu wa asili huo, wa rangi ya udongo, unaovutika, unaokaa tumboni mpaka jioni. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, nafaka nyingine haziufikii hata kwa mbali. Bibi zetu hawakuwa na mizani hiyo na bado mzazi alipewa uji wa ulezi kabla ya kitu kingine chochote. Unahifadhika miaka ghalani bila kuliwa na wadudu. Na sisi tunauuza wote kwa ajili ya pombe tunawanunulia watoto sembe nyeupe! Hapo nakasirika kweli.

Na mgebuka wa kubanika kutoka Kasanga pembeni yake. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, nyumba zetu zililalamika, na mimi nililalamika nazo. Agosti ilipoisha niliandika kwenye daftari: mgebuka wa leo umejaa mkono.

Kuna sehemu moja ya ugali ambayo ni ya mama, mnaijua. Ukoko. Watu wote wameshakula, wameshanawa, mama anakwangua sufuria amesimama. Mama yangu alikula ukoko maisha yake yote na alisema anaupenda. Mwaka huu nimeanza kupakua sahani yangu mwanzoni, wakati ugali unatoa mvuke, na nakaa. Wiki ya kwanza watoto walinyamaza wakaniangalia. Mdogo aliuliza, "Mama, unaumwa?"

Yule mzee wa maziwa tunaonana mara nyingi siku hizi. Hashuki tena kwenye baiskeli. Anainua mkono mmoja tu, "Bado hujafika, mwanangu?" na mimi najibu, "Bado, baba," na kila mmoja anaendelea na njia yake.

Leo alfajiri nilipofungua mlango nilimkuta binti yangu amekaa kizingitini. Amevaa raba zangu za zamani, ameziba vidoleni kwa kitambaa. Hakusema anataka nini. Tulipanda pamoja, nikipunguza mwendo, kisha nikaona si mimi ninayepunguza. Msichana wa jirani alisikia miguu yetu akatoka nyuma ya uzio wao na kuungana nasi, pekupeku, kwenye ile baridi. Mzee alipokuja alituhesabu kwa kidole, akafika watatu, akacheka.

Niliporudi niliandika haya. "Alhamisi. Baridi kali, ukungu umelala mjini, sisi tuko juu yake. Tumefika mti wa pili. Wamenipita wote wawili kwenye mteremko. Kutafuta raba za saizi 36, mitumba ya Jumamosi. Maharage yameshika chini kidogo."